Ubeti wa Pili

Wimbo ule niliuandika nyuma ya risiti ya mafuta,
Tucumcari, saa tisa za usiku, Hollis akijaza tangi
na upepo ukiuvuta mlango wa basi kama mdai.
Risiti ninayo hadi leo: galoni thelathini na nane, kahawa mbili,
na mgongoni mwake baba yangu
amesimama uwanja wa mnada, analia.

Miaka kumi na moja analia.
Analia Amarillo, analia Tulsa,
Ijumaa iliyopita alilia mara mbili pale Wichita
kwa sababu walitaka turudie.
Ubeti wa pili ukifika, Delphine huishusha fidla
mpaka iwe pumzi ya mtu aliye chumba cha pili,
nami naona kofia zikivuliwa gizani,
wanaume wenye viganja vya kufunga seng'enge
wanajifuta macho kwa kiwiko
wakisingizia vumbi.

Halafu nasimama nyuma ya meza ya fulana.
Kubwa zipo. Ndogo zimekwisha.
Mama mmoja ananishika mkono, hauachii:
"Baba yangu naye alikuwa hivyo hivyo."
Nasema asante. Natia saini. Namrudishia chenji.

Sasa nikwambie ilivyokuwa.

Ng'ombe walikuwa arobaini na mmoja. Kwenye wimbo ni mia,
maana arobaini na mmoja hawakuenea kwenye mizani.
Geti lilikuwa la kijani; nililipaka jekundu
lipate kina na neno lililokuwa linakuja.
Mvua haikunyesha. Mvua niliinunua mwenyewe,
bei rahisi; mvua ya nyimbo haiadimiki sokoni.
Na baba hakulia.
Alimwambia mnunuzi: "Huyu jicho la kulia halioni,
mwendee kwa kushoto, usimshtue."
Akaikunja hundi mara nne, akaitia mfuko wa shati.
Nyumbani alinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida,
akaketi mezani,
akauliza chumvi iko wapi.
Ilikuwa mbele yake.

Agosti hii tulipiga kwenye maonyesho ya kilimo kwetu,
jukwaa la mbao kati ya banda la nguruwe
na lile gurudumu linalowapandisha watoto angani wapige mayowe.
Baba alikuja. Mara yake ya kwanza, ana miaka themanini na moja.
Alikuja na kiti chake cha kukunja,
hakuamini viti vya watu.
Orodha ya nyimbo Hollis alikuwa ameibandika miguuni pangu,
na ule wimbo ulikuwa wa nne.
Ningeweza kuuruka. Bendi ingenifuata, wamezoea.
Sikuuruka.
Niliingia ubeti wa pili kama mguu
unaotafuta ngazi isiyokuwepo.
Kofia zikavuliwa. Yake ilibaki kichwani.

Baadaye nilimkuta kando ya basi,
anagusa tairi kwa ncha ya buti.
"Hili linalika upande wa ndani," akasema.
Nikasema nitamwambia Hollis.
"Sikulia."
"Najua."
"Na geti lilikuwa la kijani."
"Najua, baba."
Gurudumu lilizunguka, likashusha watoto, likapakia wengine.
"Lakini yule bwana aliyekaa karibu nami,"
akasema, bado anaangalia tairi,
"yule alilia hasa. Nikampa leso yangu."
Akapapasa mfuko wa nyuma, kama anayehakikisha.
"Ameondoka nayo."

Kutoka pale hadi Salina ni mwendo wa saa tano.
Delphine alilala na viatu, kisanduku cha fidla mapajani
kama mtoto asiye wake.
Nilitoa risiti nyingine, nikaandika: chumvi.
Kando yake mkono, kwa mazoea, ukaandika: mvi.
Nikaikata mvi.
Tukapita ghala moja la nafaka, tukapita la pili, taa zimewaka na hakuna mtu.
Neno lile nikaliacha peke yake kwenye karatasi,
halina mwenzake,
nikamwambia Hollis habari za tairi.